Shelly Beach: Shida Hii, Ofisi Ipi?

Sensa ya Agosti 2019 ilihesabu watu 250,358 katika kaunti ndogo ya Likoni, kati ya 1,208,333 wa Mombasa nzima. Kisauni pekee ndiyo inayotuzidi. Wadi ni 5: Mtongwe, Shika Adabu, Bofu, Likoni na Timbwani.

Wakazi wengi huchanganya ofisi. Takataka, zahanati na chekechea ni kazi ya kaunti, basi muone msimamizi wa wadi. (Feri si yetu, ni ya serikali ya kitaifa.) Chifu na naibu wake pia ni wa serikali ya kitaifa. Mtoto akizaliwa nyumbani, mwarifu naibu wa chifu mapema. Miezi 6 ikipita, usajili huhesabiwa umechelewa, na ushahidi unaotakiwa huongezeka.