Kuoanisha Msimbo Baina ya Kompyuta Mbili Bila Intaneti

Swali: Wanafunzi wawili wa Ayany, Kibera, wanaoandika programu pamoja, wanawezaje kuoanisha msimbo wa kompyuta zao moja kwa moja, bila kununua bando kila mara?

Jibu: Inawezekana, kwa kuwa Git, programu ya kudhibiti matoleo, yaani kuhifadhi kila badiliko la msimbo pamoja na historia yake, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, hailazimu kuwepo kwa seva ya katikati: kila kompyuta hubeba historia nzima. Kompyuta hizo zikiunganishwa na ruta moja, hata isiyo na intaneti, kila moja hupata anwani ya ndani, na mmoja akiwasha SSH, ambayo ni njia ya kuingia katika kompyuta nyingine kwa mawasiliano yaliyosimbwa, mwenzake huvuta mabadiliko kwa amri ya git pull.

Kuvuta ni rahisi kuliko kusukuma, yaani kumpelekea mwenzako mabadiliko, kwani kwa kawaida Git hukataa kupokea mabadiliko katika tawi, yaani mkondo wa mabadiliko, ambalo mwenye kompyuta inayopokea amelifungua, zisije faili zilizo mbele yake zikatofautiana na historia. Anayetaka kusukuma aunde ghala tupu, lenye historia bila faili za kazi, kwa git init --bare. Pasipo mtandao wowote, git bundle hufunga historia katika faili moja inayobebwa kwa flashi. Wote wawili wakibadili mstari uleule, Git husimama na kuwaachia uamuzi.

Kwa kuwa kompyuta mbili zilizo nyumba moja zaweza kuibwa pamoja, nakala ya tatu na ihifadhiwe mahali pengine.