Anza na oksijeni ya Mto Mara: namna ya kuuelewa msawazo wa kikemia

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anapomaliza mada ya msawazo huwa amebeba kichwani sentensi moja: mfumo ulio katika msawazo ukibughudhiwa, utasogea upande utakaopunguza bughudha hiyo. Ataiandika kwenye mtihani na kupata alama zake. Muulize lita moja ya maji ya ziwa pale Mwisenge, mjini Musoma, ina oksijeni kiasi gani, atanyamaza, ingawa swali lenyewe si gumu. Hajaonyeshwa tu kwamba sentensi ile na maji yale ni jambo moja. Ninachotaka kusema hapa ni kwamba msawazo hueleweka kwa kuhesabu. Hesabu kwanza kilichomo, kisha kinachoingia na kinachotoka. Sentensi ile, yaani kanuni ya Le Chatelier, ije baadaye, wakati tayari unajua kwa nini lazima iwe kweli. Kwa mtu wa Musoma, Bunda au Butiama, hesabu ya kuanzia iko karibu kuliko kiwanda chochote cha amonia kilichochorwa kitabuni.

Chukua daftari. Oksijeni ni kama asilimia 21 ya hewa. Musoma iko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo shinikizo la hewa pale halifiki atmosfia moja. Ni kama 0.87. Ukitoa mvuke wa maji, fungu la oksijeni ndani ya shinikizo hilo ni takriban atmosfia 0.18. Mwaka 1803 Mwingereza William Henry alionyesha kwamba kiasi cha gesi kinachoyeyuka majini huongezeka kwa uwiano uleule na shinikizo la gesi hiyo juu ya maji. Kwa oksijeni, katika nyuzi 25 za Selsiasi, atmosfia moja huyeyusha kama moli 0.0013 katika kila lita. Zidisha 0.18 kwa 0.0013, kisha zidisha kwa gramu 32 za kila moli. Unapata miligramu 7 na ushei kwa lita. Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa lita moja ya hewa ya mji uleule: utakuta inabeba miligramu kama 240. Samaki, kwa maneno mengine, anaishi kwenye makazi yenye oksijeni pungufu zaidi ya mara 30 kuliko yetu. Tarakimu hii 7 ishike vizuri, maana kila kitakachofuata kinaitegemea.

Maji yakishafikisha miligramu 7, oksijeni haiachi kuingia. Molekuli huendelea kupiga uso wa maji na kuzama, na nyingine huendelea kuchomoka na kurudi hewani. Kilichobadilika ni kwamba idadi ya zinazoingia kila sekunde imelingana na ya zinazotoka. Hapo ndipo wanafunzi wengi hujikwaa, wakidhani msawazo ni kusimama. Kama unataka kuuhisi mkononi, tafuta soda ya chupa ya plastiki. Ikiwa haijafunguliwa ni ngumu, kwa sababu kaboni dayoksaidi iliyo juu ya kinywaji, ikiwa katika mizani na ile iliyoyeyuka ndani yake, inasukuma kuta za chupa. Fungua, acha itoe pumzi, funga tena na uiache mezani: taratibu chupa inakuwa ngumu tena, ingawa haifikii ugumu wa mwanzo. Gesi imetoka kwenye myeyusho mpaka mizani mpya ikapatikana, chini kidogo ya ile ya kwanza. Iweke juani uone inavyozidi kukaza. Joto limeifukuza gesi kutoka majini, na oksijeni nayo hufanya vivyo hivyo: katika usawa wa bahari maji ya nyuzi 20 hushika miligramu 9.1 kwa lita, ya nyuzi 30 hushika 7.6. Huo ndio Le Chatelier mzima, shinikizo na joto, kwa gharama ya soda moja.

Baada ya hapo twende mtoni. Machi 2022 maji ya Mto Mara, upande wa chini kuelekea daraja la Kirumi, yaligeuka meusi, yakatoa harufu, na samaki wakafa. Serikali iliunda kamati chini ya Profesa Samuel Manyele, mhandisi wa kemikali aliyewahi kuwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kamati ikatoa taarifa mwezi uleule: oksijeni ilikuwa imeshuka kwa sababu ya taka zinazooza, zikiwemo kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Wananchi wengi waliipokea taarifa hiyo kwa kebehi. Ng'ombe wamekunywa mtoni tangu enzi za mababu, walisema, iweje leo kinyesi chao kiue samaki?

Swali hilo ni la haki, na mwanafunzi wa kemia ana zana za kulikabili bila kumwamini mtu yeyote kwa cheo chake. Kitu kinachooza kwenye maji yenye hewa ni kitu kinachoungua polepole. Mmenyuko wake, ukitumia mfano rahisi wa kabohaidreti, ni CH₂O + O₂ → CO₂ + H₂O. Gramu 30 za kinachooza zinakula gramu 32 za oksijeni, karibu moja kwa moja. Basi kilo moja ya masalia makavu ya mimea, ikioza yote, inahitaji zaidi kidogo ya kilo moja ya oksijeni. Gawanya kilo hiyo kwa miligramu 7 za kila lita, utapata lita kama 150,000. Hayo ni maji ya simtanki 30 za lita 5,000, yanayobaki bila oksijeni kwa sababu ya kilo moja tu. Ng'ombe mzima hutoa zaidi ya hiyo kila siku, hata ukipima kinyesi kikiwa kikavu. Ni kweli kwamba nyuzi ngumu za majani haziozi zote, na zinazooza huchukua wiki au miezi, kwa hiyo tarakimu yangu ni ya juu. Ipunguze mara kumi bado itakushtua. Anayekataa kwa kusema kinyesi ni kitu kidogo hajapima ni kidogo kiasi gani kilicho upande wa pili wa mizani.

Ushahidi mwingine umetoka kwenye mto huuhuu, upande wa juu. Mwaka 2018 Christopher Dutton na wenzake walichapisha katika jarida la Nature Communications utafiti kuhusu viboko wa Mto Mara nchini Kenya, ambao ni zaidi ya 4,000. Viboko hujisaidia kwenye mabwawa ya mto, na maji yakipungua mabwawa hayo huishiwa oksijeni kabisa. Mvua ikinyesha, mafuriko huyakumba na kuyasukuma chini. Katika miaka mitatu watafiti walirekodi mara 49 ambapo maji mengi yalifuatwa na kushuka kwa oksijeni. Mara 13 kati ya hizo ilishuka hadi kiwango cha hatari, na kwa miaka mitano waliona vifo vya samaki mara tisa. Hilo halithibitishi kilichotokea Kirumi. Linathibitisha kwamba kinyesi kinaweza, na kwamba swali la kwa nini leo na si jana lina jibu linalowezekana: kinyesi kilikuwepo siku zote, kilichobadilika ni wakati wa kusukumwa na wingi wa kilichokusanyika. Na weusi wa maji? Pasipo oksijeni, bakteria hugeukia salfeti na kutoa haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Ikikutana na chuma kilichoyeyuka hufanya chuma salfaidi, kitu kigumu cheusi. Tope la kinamasi chochote chenye mafunjo huwa jeusi kwa sababu hiyohiyo.

Pingamizi zito zaidi ni la migodi. Mkoa wa Mara una dhahabu Tarime na Buhemba, dhahabu ina sayanidi na zebaki nyuma yake, na mtu anayeishi kando ya mto ana sababu nzuri ya kuuliza. Mimi siafikiani na wanaolipuuza swali hilo. Nasema tu kwamba kemia inatoa njia ya kulitenganisha na lile la kwanza. Sayanidi huua kwa kuzuia seli zisiitumie oksijeni. Samaki anaweza kufa nayo katika maji yenye miligramu 7 kamili. Kwa hiyo kipimo cha oksijeni peke yake hakitoshi: ikiwa juu na samaki wamekufa, tafuta sumu, ikiwa chini, una maelezo mamoja tayari, lakini sumu bado haijaondolewa mpaka nayo ipimwe. Tena ipimwe mapema. Kwenye maji ya mto yenye pH ya 7 au 8 sehemu kubwa ya ioni za sayanidi hushika haidrojeni na kuwa gesi inayotoroka hewani, maana msawazo wake hugeuka kwenye pH ya karibu 9.2. Sampuli iliyochelewa inaweza kunyamaza kuhusu kilichokuwepo. Samaki wenyewe wana la kusema pia. Kambale na kamongo huweza kuvuta hewa juu ya maji; sangara hawezi. Oksijeni ikiisha, sangara hutangulia. Ukikuta wote wameelea pamoja, hilo nalo liandike daftarini.

Mwalimu makini atanipinga kwa jambo jingine kabisa: mto si mfumo uliofungwa, na msawazo tunaofundisha ni wa chombo kilichofungwa. Ni kweli tupu. Mto hauko kwenye msawazo hata siku moja, na ndiyo sababu naupenda kama mfano. Hesabu ya Henry inakuambia maji yangekuwa na nini kama yangepewa muda. Kipimo cha mtoni kinakuambia yana nini. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo inayosukuma oksijeni iingie. Inaingia kwa kasi gani ni swali la pili, na hapa ndipo mtu hujifunza kutochanganya kiasi na kasi, kosa ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote katika mada hii. Kwenye maji yaliyotulia tuli, yasiyotikiswa na upepo wala mkondo, oksijeni ikishuka kwa msambao wa molekuli pekee ingehitaji miaka kufika mita moja chini. Mawimbi ndiyo yanayoifanya kazi hiyo kwa dakika. Mafunjo na magugu maji yakifunika uso, yanazuia mawimbi, na hapohapo yakifa yanaongeza kinachooza. Msawazo unabaki pale pale kwenye 7, lakini njia ya kuufikia imezibwa.

Mwenye kuelewa hilo hatapata shida na amonia ya Haber, ile ya kiwanda cha kitabuni, ambayo wengi huanza nayo na kuishia kuikariri. Nitrojeni moja na haidrojeni tatu hutoa amonia mbili: molekuli nne zinakuwa mbili, kwa hiyo shinikizo kubwa linasaidia, kama lilivyosaidia soda. Mmenyuko unatoa joto, kwa hiyo ubaridi ungeongeza mavuno, kama maji baridi yanavyoshika gesi zaidi. Mbona basi kiwanda kinatumia nyuzi kama 450? Kwa sababu ya kasi: kwenye ubaridi msawazo ni mzuri lakini hufiki. Kichocheo cha chuma kinafanya kazi ya mawimbi ya ziwa, kinafikisha upesi bila kubadilisha pa kufika. Wanaosema mtihani hauulizi Mto Mara wako sahihi, na ndiyo maana sishauri kuuandika kwenye karatasi ya majibu. Nashauri uwe nao kichwani unapoandika kuhusu Haber. Kuhusu lugha, maneno ya mtihani ni ya Kiingereza na lazima uyajue. Ila ukishalielewa jambo kwa Kiswahili, neno la Kiingereza ni la kujifunza jioni moja.

Ukitaka kujipima, usijipime kwa amonia. Chukua maji ya ziwa yenye mwani mwingi, yaliyotekwa saa tisa alasiri. Mchana kutwa mwani umevuta kaboni dayoksaidi. Kaboni dayoksaidi ikiwa majini hutoa asidi hafifu. Ikipungua, ioni za haidrojeni zinapungua nayo na pH inapanda. Sasa tia dawa ya klorini kwenye ndoo. Klorini ikiyeyuka hukaa katika sura mbili, asidi ya haipoklorasi na ioni ya haipokloraiti, na ya kwanza ndiyo yenye nguvu kubwa ya kuua vijidudu. Kwenye pH ya 7.5 zinagawana nusu kwa nusu. Kwenye 8.5 asidi inabaki fungu moja kati ya 11. Sababu mojawapo ya Shirika la Afya Duniani kushauri klorini ikae majini angalau dakika 30, na pH iwe chini ya 8, ndiyo hiyo. Kokotoa fungu hilo kwa pH ya 9, kisha ueleze kwa nini ndoo iliyotekwa alfajiri, kabla mwani haujapata jua, inatibika kwa urahisi zaidi kuliko hii ya alasiri.