Sauna: Mhalifu au Mwathiriwa? Kuijadili Chozi la Heri katika Kikundi

Katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei, ni rahisi kumchukia Sauna. Yeye ndiye kijakazi aliyeachiwa watoto wa Lunga baada ya Naomi kuondoka na Lunga kufariki. Badala ya kuwatunza, anatoroka na Dick na Mwaliko na kuwafikisha kwa Bi. Kangara, mlanguzi wa watoto. Umulkheri anabaki peke yake. Mwanafunzi anayetegemea muhtasari huandika sifa tatu, yaani katili, msaliti na mwenye tamaa, kisha hufunga kitabu.

Sasa keti na wenzako wanne au watano. (Watu kumi na watano si kikundi, ni mkutano.) Mmoja wenu awe kiongozi wa mashtaka, mwingine awe wakili wa Sauna, na waliosalia wawe mahakimu. Sheria ni moja: asiyeweza kuonyesha ukurasa anyamaze.

Kiongozi wa mashtaka atamaliza mapema, kwani makosa yako wazi. Wakili ndiye atakayepekua. Atagundua kwamba mwandishi ametuonyesha kosa kwanza, kisha akatumia mbinu rejeshi kutufunulia chanzo. Sauna alinajisiwa na babake wa kambo akapata mimba. Mamake akamsaidia kuiavya na kutaka jambo hilo lisijulikane. Kwa hiyo msichana huyu alitoka nyumbani akiwa amekwisha kufunzwa kwamba mtoto anaweza kuumizwa na wakubwa wakanyamaza.

Jiulizeni: kwa nini mpangilio huu? Lau tungaliyajua machungu yake mwanzoni, huenda tungalimsamehe kabla hajakosa. Jinsi ilivyo, tunamhukumu kwanza, kisha tunalazimika kuitazama upya hukumu yetu. Miongozo mingi huinyoosha hadithi ianze mwanzo hadi mwisho, na hapo jambo hili hupotea.

Kiongozi wa mashtaka bado ana hoja nzito. Umu pia alipoteza wazazi na ndugu, lakini hakumdhuru mtu. Dick alilazimishwa kulangua dawa za kulevya, ila baadaye akaiacha kazi hiyo. Wakili naye ajibu: Umu aliwapata Mwangeka na Apondi wakampanga kama mtoto wao. Sauna alimpata Kangara. Je, tofauti hiyo inatosha kumwondolea lawama? Mimi naona haitoshi, ingawa inapunguza ukali wa hukumu. Huenda kikundi chako kikaona vingine. Hata mkikosa kukubaliana, kila upande utakuwa umekusanya ushahidi wake.

Ushahidi wa aina hiyo ndio unaohitajika katika karatasi ya tatu. Swali la insha la alama 20 halijibiwi kwa kutaja tu kwamba mhusika ni katili. Taja hoja, ieleze, kisha itolee mfano wa tukio mahususi. Kwa swali la dondoo, mmoja asome maneno ya mhusika yeyote, wenzake wataje msemaji, msemewa, mahali na sababu ya kusemwa. Alama hizo nne hupotezwa ovyo na watahiniwa wasioisoma riwaya yenyewe.

Zoezi
1. “Sauna ni zao la malezi mabaya.” Thibitisha kauli hii kwa kurejelea riwaya. (alama 10)
2. Linganisha na kulinganua Sauna na Umulkheri. (alama 10)