Namna Mafua Yaingiavyo Nyumbani

Asubuhi ya mwezi wa Julai, hapa Njombe, baridi ni kali, na pengine jalidi huonekana juu ya majani. Simama nje ya nyumba, upumue. Utaona pumzi yako ikitoka kinywani kama moshi mwembamba, ikienda mbele kidogo, kisha ikapotea. Huo si moshi. Ni mvuke utokao mapafuni mwako, nao baridi imeugeuza kuwa matone madogo sana ya maji. Mahali penye joto pumzi hutoka vivyo hivyo, ila macho hayaioni. Likumbuke jambo hili, maana ndilo msingi wa somo letu.

Mtu mwenye mafua akipumua, akisema, akiimba au akikohoa, hutoa matone kama hayo, na ndani yake mna virusi. Virusi ni vidogo hata darubini zetu za shuleni haziwezi kuvionyesha. Haviwezi kuzaana peke yake. Sharti viingie katika mwili wa kiumbe hai. Matone makubwa huanguka upesi, lakini yale madogo hukaa hewani kitambo, kama moshi wa jikoni ukaavyo chini ya paa pasipo dirisha. Tena mgonjwa akijipangusa pua kwa mkono, kisha akashika kikombe au mkono wa mwenziwe, virusi huhamia huko. Mwenziwe akijigusa macho, pua au kinywa, vimekwisha kupata mlango.

Watu wengi husema, "Baridi ndiyo iletayo mafua." Neno hilo lina ukweli kidogo, lakini si wote. Mtu hawezi kupata mafua pasipo virusi, hata akitetemeka usiku kucha. Lakini nchi yetu iko karibu meta 2,000 juu ya bahari, na wakati wa baridi twafanya nini? Twafunga milango na madirisha, twaketi wote kuuzunguka moto, na usiku watoto watatu hulala chini ya blanketi moja. Hewa aliyoitoa mmoja huvutwa na wote. Kadhalika, virusi vingi hudumu zaidi katika hewa ya baridi iliyo kavu. Na moshi wa kuni huudhi koo na mapafu, ukayadhoofisha.

Sasa tuifikirie nyumba moja, iwe mfano. Ndani yake wamo baba, mama, bibi, mwanafunzi wa darasa la sita, mdogo wake, na mtoto mchanga wa miezi mitatu. Siku ya Jumatatu, mwanafunzi yule aliketi shuleni karibu na mwenziwe aliyekuwa akikohoa. Jumanne alikuwa mzima, akacheza mpira. Jumatano jioni hakujisikia vibaya hata kidogo. Akaota moto pamoja na bibi yake, akambeba mtoto mchanga ili mama apate kusonga ugali, kisha akalala pamoja na mdogo wake. Alhamisi akaamka na homa na kikohozi. Jumamosi mdogo wake akaugua, na Jumapili bibi. Jumatatu iliyofuata mtoto mchanga alikataa kunyonya, na pumzi zake zilikuwa za haraka.

Je, mwanafunzi yule alifanya ubaya? La, hasha. Alimsaidia mama yake kama ipasavyo. Lakini angalia: siku ya Jumatano alikuwa amekwisha kuchukua virusi bila kujua. Homa ya mafua, iitwayo influenza, huweza kuambukizwa tangu siku moja kabla ya mtu kujiona mgonjwa. Na ugonjwa uliomlaza mkubwa siku tatu tu huweza kumwua mdogo, kwa kuwa njia za pumzi za mtoto mchanga ni nyembamba sana, nazo huziba upesi. Wazee nao miili yao imepungua nguvu.

Mambo haya si ya kukisia tu. Huko Kilifi, katika pwani ya Kenya, wataalamu walizifuata nyumba 47 kwa miezi kama sita, mwaka 2009 hata 2010. Mara mbili kila juma walichukua vipimo katika pua za watu wa nyumba hizo, wagonjwa na wazima pia. Walikuwa wakitafuta virusi viitwavyo RSV, ambavyo huwaumiza sana watoto wachanga mapafu. Waliona kwamba wengi wa watoto wachanga walioambukizwa waliupata ugonjwa huo ndani ya nyumba zao wenyewe. Na mara nyingi aliyetangulia kuuingiza nyumbani alikuwa ndugu yao mkubwa, hasa yule aendaye shule. Basi, mwanafunzi, ujue ya kuwa somo hili lakuhusu wewe kabla ya kuwahusu wengine.

Pengine ugonjwa huja kutoka mbali. Makambako ni njia panda: barabara za Iringa, Mbeya na Njombe hukutana hapo, na reli ya TAZARA hupita. Abiria hukaa kwa muda mrefu katika basi lililofungwa madirisha kwa ajili ya baridi, kisha kila mmoja huenda kwao. Twasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mgeni na aje, tena akaribishwe, lakini akiwa anakohoa, aketi penye hewa, naye asimpakate mtoto mchanga.

Wazee wetu waliyaona hayo katika vita. Mwezi wa Oktoba, mwaka 1918, jeshi la Kijerumani la von Lettow-Vorbeck lilipita nchi ya Ubena, likawaacha huko baadhi ya wagonjwa na majeruhi wake. Wakati huo homa kuu ya influenza ilikuwa ikienea duniani. Vita vilipokwisha, baadhi ya askari na wapagazi wa jeshi hilo, waliokwisha kuokoka na risasi, walikufa kwa homa hiyo walipokuwa wamekusanywa kambini. Kambi ni kama nyumba kubwa: watu wengi, hewa moja.

Basi tufanyeje?

1. Fungua dirisha au mlango mchana, hata wakati wa baridi, ili hewa ipite. Moto na uwe mahali penye njia ya kutokea moshi.

2. Ukikohoa au kupiga chafya, ziba kinywa na pua kwa kitambaa, au kwa kiwiko, wala si kwa kiganja.

3. Nawa mikono kwa maji na sabuni utokapo shuleni, kabla ya kumgusa mtoto mchanga na kabla ya kula. Sabuni huliharibu ganda la mafuta livifunikalo virusi vya influenza na RSV.

4. Mgonjwa alale peke yake ikiwezekana. Kama nafasi haipo, walale mzungu wa nne, kichwa cha mmoja kwenye miguu ya mwenziwe.

5. Mama mwenye mafua asiache kunyonyesha, maana maziwa yake humkinga mtoto. Na anawe mikono, afunike pua na kinywa.

6. Mtoto mchanga akipumua kwa haraka, au kifua kikibonyea ndani avutapo pumzi, au akikataa kunyonya, apelekwe zahanati siku ile ile, hata ikiwa mvua yanyesha. Dawa za kuua bakteria haziui virusi. Basi msinunue dawa dukani kwa kubahatisha.

Leo jioni, ufikapo nyumbani, mtoto mchanga atakunyoshea mikono umbebe. Mwambie angoje kidogo. Nawa kwanza, kisha umbebe.

MASWALI

1. Kwa nini twaiona pumzi yetu asubuhi yenye baridi, na mchana hatuioni?
2. Baridi husaidiaje mafua kuenea, ingawa si yenyewe iletayo mafua?
3. Katika mfano wetu, mwanafunzi alianza kuwa hatari kwa wenziwe siku gani? Eleza sababu.
4. Wataalamu wa Kilifi waliona nini?
5. Hesabu watu wanaolala katika chumba chako, na madirisha yake. Waweza kubadili nini?