SOMO: KOMPYUTA YENYE NGUVU NA PROGRAMU NZITO

Makatibu wengi wa vyama wamekwisha kuliona jambo hili. Kompyuta hununuliwa kwa fedha za wanachama, hufanya kazi kwa wepesi miaka michache, kisha huanza kusuasua, ingawa kazi yake ni ile ile ya kuandika uzito wa mazao na malipo ya wakulima. Mara nyingi si kwamba mashine imechakaa kama jembe. Kilichobadilika ni programu, yaani maagizo yanayoiendesha.

Mwaka 1979, huko Marekani, Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa VisiCalc, programu ya majedwali ya hesabu iliyoweza kuendeshwa katika Apple II yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu. Tarakimu moja ikibadilishwa, jumla zote zilirekebishwa. Na daftari la mazao la chama cha msingi halidai mengi zaidi ya hayo. Windows 95 ilihitaji kumbukumbu ya megabaiti 4 kwa uchache. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, yahitaji gigabaiti 4, yaani takriban mara elfu moja.

Mwaka 1995 mtaalamu wa Uswisi, Niklaus Wirth, aliandika kwamba programu huzidi kuwa nzito upesi kuliko mashine zinavyozidi kuwa nyepesi. Wazo hilo alikiri kulipata kwa Martin Reiser. Kwa maoni yake, watengenezaji hupokea karibu kila nyongeza inayotakiwa na wanunuzi bila kuipima, na haraka ya soko haiwaachii nafasi ya kupunguza. Hivyo kila mtumiaji hubebeshwa vyote, hata asivyovifungua kamwe. Ni kama lori la kubebea kahawa lililofungwa viti, jiko na kabati: injini kubwa imeongezwa, lakini magunia ni yale yale. Wirth hakuishia kulalamika, kwani yeye na Jürg Gutknecht walikuwa wamekwisha kujenga huko Zurich mfumo mdogo uitwao Oberon.

Hata hivyo si kila uzito ni wa bure. Ulinzi dhidi ya wezi, picha, na maandishi ya lugha nyingi vina gharama yake.

Tarehe 14 Oktoba 2025 huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma, na mashine nyingi zilizo nzima hazikubaliwi na Windows 11, kwa sababu ya prosesa au kifaa cha usalama. Mashine isiyopata marekebisho ya ulinzi haifai kuunganishwa na intaneti ikiwa na hesabu za wanachama. Lakini kabla halmashauri haijaidhinisha ununuzi, katibu aondoe programu zinazojiwasha bila kuhitajiwa, aulize bei ya kuongeza kumbukumbu, na ajaribu mfumo mwepesi wa Linux, ambao hupatikana bila malipo. Jaribio lifanywe kwa nakala ya daftari la msimu uliopita, na jumla zilinganishwe na za vitabu vilivyokaguliwa, kwa kuwa programu nyingine za uhasibu hazikubali Linux.