Nyumba Ijengayo Nyumba Nyingine

Msomaji, katika nchi yetu si jambo geni jirani kumsaidia jirani kujenga. Waswahili huita kazi hiyo ujima, Wakamba huiita mwethya, na Wakikuyu ngwatio. Lakini nyumba ya mawe na mabati yataka fedha pia, na riba ya mkopo humlemea mtu wa kipato kidogo. Je, mikono ya jirani na fedha zaweza kufanya kazi pamoja? Na tujifunze kwa mfano huu.

Katika jimbo la Georgia, Marekani, liko shamba liitwalo Koinonia, lililoanzishwa mwaka 1942. Mwaka 1968 mwanasheria mmoja, Bwana Millard Fuller, na mkewe Linda, walihamia huko. Wao na Bwana Clarence Jordan, mmoja wa waanzilishi wa shamba, walifanya shauri kwamba maskini wajengewe nyumba bila faida, nao walipe bei yake pole pole bila riba. Mwaka 1973 Bwana Fuller na mkewe walikwenda kulijaribu shauri hilo Mbandaka, mji ulio kando ya mto Kongo. Walipokwisha kurudi kwao, mwaka 1976, waliunda chama kiitwacho Habitat for Humanity. Chama hicho kilianza kazi Kenya mwaka 1982.

Utaratibu wake ni huu. Kwanza, familia itakayopata nyumba hapana budi itoe jasho lake: kuchimba msingi, kuteka maji, kuchanganya saruji. Pili, watu wa kujitolea huja kusaidia, hata wasiojua ujenzi, nao huongozwa na fundi. Tatu, nyumba si sadaka. Familia huilipia kidogo kidogo, na malipo hayo huwekwa katika mfuko wa kujengea familia nyingine.

Tufanye hesabu. Tuseme familia 10 zimekwisha kuingia katika nyumba za bei moja, na kila moja hulipa sehemu moja ya kumi ya bei kwa mwaka. Mwisho wa mwaka mfuko unazo fedha za nyumba ya 11. Lakini familia mbili zikikosa kulipa, fedha zitapungua. Kuta zaweza kusimama, lakini mabati hayatanunuliwa, na mama aliyechimba msingi huo kwa mikono yake atanyeshewa na mvua pamoja na watoto wake. Hakudhulumiwa na tajiri, bali na jirani aliyemtangulia kupata nyumba.

Basi, haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hicho ni cha wote. Anayelipa deni lake hajikomboi peke yake, humwezekea na mwenzake.

Maswali ya kuzungumza barazani:
1. Kwa nini nyumba hizi hazitolewi bure?
2. Jirani akiugua asiweze kulipa, wenzake wafanyeje ili mfuko usikauke?