Mkoko Ukikatwa, Nani Hupata Hasara?

Leo tujifunze habari za mikoko. Sisi watu wa pwani tunaijua tangu utotoni. Tumejengea boriti zake, tumepikia kuni zake. Lakini je, tunaijua kazi ya mti huo ukiwa bado umesimama?

Hebu twende Gazi, kijiji cha wavuvi kusini ya Mombasa, nchini Kenya. Katika miaka ya 1970 mikoko ya huko ilikatwa kwa wingi iwe kuni za viwanda. Kuni ziliondoka, tope tupu likabaki na wanakijiji.

Hasara yake ni nini? Samaki wadogo, kamba na kaa hujificha katikati ya mizizi ya mikoko wasiliwe na wakubwa. Mikoko ikiisha, nyavu hurudi nyepesi. Tena mizizi hiyo hupunguza nguvu ya mawimbi, ufuko usilike.

Mwaka 1991 wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya walianza kupanda mikoko upya hapo Gazi. Baadaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier, cha Uskoti, walishirikiana nao na wanakijiji. Wakapima miti na tope lake.

Kwa nini tope? Mti huvuta hewa ya ukaa. Majani na mizizi ikifa, hufukiwa topeni. Humo hewa ni haba, kwa hiyo haiozi upesi, na ukaa hubaki humo miaka mingi. Hewa hiyo ikizidi angani, dunia hupata joto. Basi wako watu wa ng'ambo wanaolipa ili ukaa ubaki topeni.

Mwaka 2013 wananchi wa Gazi na jirani zao wa Makongeni walianza mradi uitwao Mikoko Pamoja. Wanalinda hekta 117, yaani karibu ekari 290. Fedha zinazopatikana hutumika kwa mambo ya wote, na wananchi wenyewe huamua. Zimeleta maji, zimenunua vitabu vya shule. Mwaka 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Lakini tusidanganyane. Mtu aliyezoea kukata boriti atakula nini? Neno "usikate" peke yake halijengi nyumba. Ndiyo maana mradi ulipanda mivinje nchi kavu, ili boriti na kuni zipatikane huko. Sasa anayeingia mikokoni usiku na shoka haibii serikali. Anapunguza maji ya mama yake na vitabu vya mwanawe.

Na sisi tukitaka kupanda, tufanye hivi:

1. Tumwone kwanza bwana misitu, tupate ruhusa.
2. Tuchague mbegu zilizokomaa, zisizotobolewa na wadudu. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti, ikawa ndefu kama fimbo.
3. Maji yakipwa, tuichomeke topeni wima, ncha yake chini, kiasi cha theluthi. Kutoka mche hadi mche tuache hatua moja.
4. Tusipande mahali ambapo mikoko haijapata kuota. Kila mti una mahali pake: mlilana hukaa mbele baharini, mkoko hufuata nyuma yake. Tuwaulize wazee palikuwa na mti gani.

Wataalamu walileta vipimo, lakini hawalali mikokoni. Mlinzi wa kweli ni yule anayekaa hapo.

Maswali ya kujadiliana darasani:

1. Kwa nini samaki hupungua mikoko inapokatwa?
2. Mivinje inasaidiaje kulinda mikoko?
3. Kijijini kwetu nani anaishi kwa kukata miti? Tukimkataza, tutampa kazi gani?